Saratani ya koo: Ukianza mionzi na dawa, usikatize tiba katikati

Msomaji, hebu tuchukue mfano wa mzee wa miaka 58, mkulima, ambaye kwa miezi minne sauti yake imekuwa ikikwaruza. Amekunywa dawa za kikohozi, amesugua shingo kwa mafuta, ametafuna tangawizi, lakini wapi! Sasa hata kumeza tonge la ugali ni taabu, na chini ya taya pana uvimbe mgumu usiouma. Hatimaye daktari wa masikio, pua na koo anamkata kipande kidogo cha nyama kooni, kinapelekwa maabara, na jibu linarudi kwamba ni saratani. Mzee anaambiwa atapigwa mionzi siku tano kwa juma kwa majuma saba, na wakati huo huo atatiwa dawa mishipani.

Juma la kwanza anashangaa kwamba hahisi lolote. Juma la tatu kinywa kimekuwa vidonda vitupu, mate yamekuwa mazito kama gundi na chakula hakina ladha. Juma la nne anawaita wanawe na kuwaambia: "Nirudisheni nyumbani. Dawa hii ndiyo itakayoniua, si ugonjwa."

Makala ya leo yanahusu siku hiyo. Wagonjwa wengi wa saratani ya koo huifikia, hata wale wenye moyo wa chuma. Tutaeleza kinachotendeka mwilini, kwa nini kuondoka wakati huo ni hatari kubwa, na jinsi mgonjwa na jamaa zake wanavyoweza kujiandaa ili siku hiyo iwakute wakiwa tayari.

KOO LIPI?

Kwanza tuelewane. Humu nchini watu husema "saratani ya koo" wakiwa na maana ya maradhi mawili tofauti. Yapo yale ya umio, yaani njia ya chakula iteremkayo kifuani hadi tumboni. Hayo yanapatikana kwa wingi sana katika baadhi ya sehemu za Bonde la Ufa, mathalani Bomet, na matibabu yake yana utaratibu wake. Tunayoyazungumzia leo ni yale yanayoshika sehemu ya juu: nyuma ya kinywa, shina la ulimi, koromeo, na kisanduku cha sauti.

Visababishi vikuu vinajulikana. Uvutaji wa sigara na unywaji wa pombe ndivyo vya kwanza, na anayefanya yote mawili hujiongezea hatari maradufu na zaidi. Pia kuna virusi viitwavyo HPV, ambavyo husababisha saratani ya mlango wa kizazi kwa wanawake na vilevile saratani ya nyuma ya kinywa kwa wanaume na wanawake. Chanjo ya virusi hivyo ilianza kutolewa kwa wasichana kote nchini mwaka wa 2019.

Dalili za kutopuuza ni sauti inayokwaruza kwa zaidi ya majuma matatu, maumivu ya koo yasiyokwisha, taabu ya kumeza, uvimbe shingoni, maumivu ya sikio la upande mmoja ilhali sikio lenyewe ni zima, na kukonda bila sababu. Ukiwa na mojawapo, usiridhike na dawa za duka la dawa. Omba kuangaliwa koo na daktari wa masikio, pua na koo.

KWA NINI MIONZI NA DAWA PAMOJA?

Zamani mgonjwa ambaye saratani ilikuwa imekua katika kisanduku cha sauti alikuwa na njia moja tu: kisanduku chote kukatwa na kuondolewa. Aliishi, lakini alipoteza sauti yake na kupumua kupitia tundu shingoni. Mwaka wa 1991 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi uliohusisha wagonjwa 332. Baadhi yao walifanyiwa upasuaji kisha wakapigwa mionzi, na wengine walianza kwa dawa kisha mionzi. Baada ya miaka miwili, walionusurika walikuwa sawa kwa pande zote mbili, lakini karibu thuluthi mbili ya waliopewa dawa na mionzi walikuwa bado na visanduku vyao vya sauti. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kutoa dawa na mionzi kwa wakati mmoja kunaokoa kisanduku cha sauti kwa wengi zaidi.

Upasuaji haujaachwa. Kwa baadhi ya wagonjwa ndio ulio bora, na saratani iliyogunduliwa mapema sana huweza kutibiwa kwa mionzi peke yake. Daktari ndiye atakayeamua baada ya kuona picha na kujua ugonjwa umefika wapi.

Mionzi, ambayo watu wengi huiita "kuchomwa", si moto. Ni miale yenye nguvu inayofanana na ile ya kupigia picha za mifupa. Huharibu kiini cha seli za saratani hata zikashindwa kuzaana. Kwa bahati mbaya hugusa pia seli nzima zilizo jirani, hasa ngozi laini ya kinywa na koo, na ndiyo sababu ya vidonda. Kwa kuwa seli nzima hujirekebisha upesi kuliko za saratani, kipimo hugawanywa vipande vidogo. Aghalabu ni vipande 35, kimoja kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa.

Dawa inayotumika zaidi ni cisplatin, ambayo imetengenezwa kutokana na madini ya platinamu. Hutiwa mishipani mara moja kila majuma matatu kwa kipimo kikubwa, au kila juma kwa kipimo kidogo. Kazi yake kubwa hapa ni kuzidhoofisha seli za saratani ili mionzi izimalize.

Jambo moja zaidi ambalo husumbua aila nyingi: mgonjwa anayepigwa mionzi ya mashine kutoka nje habaki na mionzi mwilini. Akitoka chumbani anaweza kumpakata mjukuu wake, kulala na mkewe kitanda kimoja na kula sahani moja na wenzake. Saratani yenyewe nayo haiambukizwi kwa kula pamoja.

KABLA YA KUANZA

Majuma mawili au matatu kabla ya mionzi ndiyo wakati wa kufanya mambo ambayo baadaye hayatawezekana kwa urahisi.

La kwanza ni meno. Mwone daktari wa meno. Jino bovu litakalopigwa mionzi ling'olewe mapema, na fizi ipewe kama majuma mawili ipone. Mfupa wa taya uliopigwa mionzi huwa hauponi vyema, na kung'oa jino baadaye, hata baada ya miaka mingi, kunaweza kuufanya mfupa huo kuoza. Kwa hivyo ukienda kwa daktari wa meno siku za usoni, mwambie kila mara kwamba uliwahi kupigwa mionzi shingoni.

La pili ni uzito na chakula. Pimwa uzito na uuandike. Ikiwa tayari umekonda au kumeza ni shida, daktari anaweza kupendekeza mpira wa kulishia, unaopitishwa puani au moja kwa moja tumboni. Watu wengi huuogopa wakidhani ni dalili ya kukata roho. Sivyo. Ni daraja la kukuvusha majuma mabaya, na wengi huondolewa baadaye.

La tatu ni sigara na pombe. Anayeendelea kuvuta wakati wa tiba huipunguzia mionzi nguvu na kuviongezea vidonda ukali. Ikiwa kuacha kumekushinda, mwambie daktari bila haya. Kuna msaada.

La nne ni vipimo vya damu, figo na masikio, kwani cisplatin inaweza kudhuru figo na uwezo wa kusikia.

Mwisho utatengenezewa barakoa ya plastiki. Kipande cha plastiki hulainishwa kwa maji moto, kikafunikwa usoni na mabegani hadi kipoe na kushika umbo lako. Siku zote za mionzi utalala chali ukiwa umefungwa nayo ili usisogee hata kidogo. Ina matundu na utapumua vizuri, lakini baadhi ya watu huingiwa na hofu. Kila mara hutachukua muda mrefu, na wahudumu wanakuona na kukusikia kutoka chumba cha pili. Kubalianeni ishara ya mkono utakayotoa ukitaka wasimame.

MAJUMA SABA YALIVYO

Juma la kwanza na la pili: Mionzi yenyewe haiumi. Siku ya dawa utatiwa maji mengi mishipani ili kuzilinda figo, kwa hivyo utakojoa sana. Kichefuchefu ndicho kinachosumbua. Dawa za kukizuia hufanya kazi vyema zikimezwa kwa saa zilizoandikwa kabla hujaanza kutapika. Masikio yakianza kuvuma, sema. Nywele za kichwani kwa kawaida hazing'oki zote kwa dawa hii, ila ndevu zilizo mahali panapopigwa mionzi huweza kutoka.

Juma la tatu na la nne: Vidonda vya kinywa na koo huanza. Ladha hupotea, hata sukari huwa kama majivu. Mate hupungua na kuwa mazito. Sauti huweza kukwaruza zaidi kuliko awali, na mgonjwa hudhani ugonjwa unazidi. Haimaanishi hivyo. Ni koo lililovimba kwa ajili ya tiba.

Juma la tano hadi la saba: Maumivu huzidi na uchovu huwa mwingi. Ngozi ya shingo hugeuka nyeusi, ikakauka na hata kubambuka. Hapa wagonjwa wengi huhitaji dawa kali za maumivu, ikiwemo mofini ya maji. Usiikatae kwa kuogopa kuwa mlevi wa dawa. Ikitumiwa kwa maumivu ya kweli na kwa kipimo cha daktari, ndiyo itakayokuwezesha kumeza na kuendelea. Tatizo lake kubwa ni kufunga choo, kwa hivyo uliza dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza.

Kisha yapo mambo ambayo wagonjwa wengi hawaambiwi. Baada ya siku ya mwisho ya mionzi, hali huweza kuwa mbaya zaidi kwa juma moja au mawili kabla ya kuanza kuwa nafuu. Anayejua haya hatishiki.

KWA NINI USIKATIZE

Sasa turudi kwa mzee wetu wa juma la nne. Anaona kwamba akipumzika nyumbani mwezi mmoja apate nguvu, atarudi amalizie. Linasikika kama jambo la busara. Kwa saratani nyingine na dawa nyingine huenda daktari mwenyewe akampumzisha mgonjwa. Lakini kwa saratani ya koo inayotibiwa kwa mionzi, mapumziko yasiyopangwa huipa saratani nafasi.

Sababu ni hii. Baada ya majuma matatu au manne ya mionzi, seli za saratani ambazo hazijafa huanza kuzaana kwa kasi kuliko mwanzoni, kama magugu yaliyofyekwa bila kung'olewa mizizi. Kila siku inayopita bila mionzi, zinajaza mapengo ya zile zilizokufa. Wataalamu wamekadiria kwamba kila siku moja ambayo tiba inarefushwa hupunguza uwezekano wa kuidhibiti saratani hii kwa takriban asilimia 1 au zaidi. Siku moja si kitu, wiki moja ni hasara, mwezi mmoja unaweza kuharibu kazi yote iliyokwisha fanywa.

Tena, mgonjwa hawezi kuanza upya. Mwili una kiwango cha mionzi unachoweza kustahimili mahali pamoja. Mzee aliyepigwa mara 20 kati ya 35 ameteseka kwa vidonda, ametumia pesa, na kiasi kikubwa cha nafasi yake ya kupona kimekwisha tumika. Waswahili walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Hii haina maana kwamba mgonjwa avumilie kimya. Badala ya kusema "nirudisheni nyumbani," aseme "nimeshindwa kumeza," "maumivu yamezidi dawa," au "nauli imekwisha." Hayo yote yana ufumbuzi: kubadilishiwa dawa ya maumivu, kuwekewa mpira, kulazwa wodini huku mionzi ikiendelea. Hata dawa ya mishipani inaweza kusimamishwa na daktari kama damu au figo zimedhoofika, na mionzi ikaendelea peke yake. Ikiwa mashine imeharibika au kuna sikukuu, uliza siku zilizopotea zitafidiwaje. Wakati mwingine daktari hupanga vipindi viwili kwa siku moja, vikiachana kwa saa sita au zaidi.

KINYWA NA CHAKULA

Sukutua kinywa mara nyingi kwa siku, hasa baada ya kula na kabla ya kulala. Chemsha lita moja ya maji, yaache yawe vuguvugu, tia kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea na nusu kijiko cha chumvi. Si hamira, wala si magadi ya kupikia mboga. Sukutua, tema, usimeze. Tumia mswaki laini sana. Epuka dawa za kusukutua zenye pombe.

Vyakula vyenye pilipili, ndimu, nyanya na chai ya moto sana viache kwanza. Chakula kiwe laini, kiwe na nguvu, na kiliwe kidogo kidogo mara sita au zaidi kwa siku. Uji wa wimbi uliotiwa maziwa na siagi ya njugu karanga ni bora kuliko uji mtupu. Viazi au ndizi zilizopondwa kwa maziwa, mayai yaliyovurugwa na kuiva vyema, parachichi, supu iliyochujwa na ndengu zilizosagwa vyote hufaa. Maziwa yachemshwe, na matunda yaoshwe kwa maji safi, kwa kuwa dawa hupunguza chembe nyeupe za damu zinazopigana na viini.

Hata ukiwa na mpira wa kulishia, endelea kumeza, hata kama ni mafunda machache ya maji kila saa. Misuli ya koo ni kama mguu uliofungwa plasta: usipoitumia hunyauka, na wapo waliopona saratani wakabaki hawawezi kumeza. Vilevile fungua kinywa hadi mwisho mara kadhaa kwa siku ili taya zisikaze. Kama hospitali ina mtaalamu wa kumeza na usemi, omba kumwona mapema.

Ngozi ya shingo ioshwe kwa maji vuguvugu bila kusugua. Usinyoe kwa wembe, usipake manukato wala mafuta usiyoruhusiwa, na vaa nguo yenye kola laini. Jikinge na jua.

Dawa za mitishamba zinahitaji tahadhari maalumu. Baadhi yake huweza kuumiza figo na ini wakati ambapo figo tayari zinabeba mzigo wa cisplatin. Hata vidonge vya maumivu vya kawaida, kama diclofenac na ibuprofen, vinaweza kuzidhuru. Chochote unachotaka kumeza, kionyeshe kwa daktari kwanza.

NENDA HOSPITALI MARA MOJA UKIONA HAYA

- Joto la mwili kufika nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi. Usimeze vidonge vya kushusha homa ukalala. Mtu aliyepungukiwa na chembe nyeupe anaweza kufa kwa maambukizi katika muda mfupi.
- Kupumua kwa shida au kwa sauti ya mlio kooni.
- Damu nyingi kutoka kinywani au kooni.
- Kushindwa kumeza hata maji kwa siku nzima, au kutapika kusikokoma.
- Mkojo kupungua sana.

KAZI YA JAMAA

Tiba hii ni safari 35 za hospitali. Kwa miaka mingi hospitali ya umma iliyotoa mionzi ilikuwa Kenyatta jijini Nairobi pekee. Siku hizi huduma hiyo hupatikana pia katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, hospitali ya Moi mjini Eldoret, na katika vituo vya Mombasa, Nakuru na Garissa. Ulizeni kilicho karibu nanyi kabla ya kuanza, na kama mashine yake inafanya kazi.

Kaeni kikao cha familia mapema. Nani atamsindikiza siku gani? Atalala wapi majuma saba ikiwa nyumbani ni mbali? Nauli itatoka wapi juma la sita, wakati mchango wa kwanza umekwisha? Wengi huchanga kwa furaha mwanzoni wakachoka katikati, nako katikati ndiko kunakohitaji msaada zaidi. Hakikisheni pia mgonjwa amesajiliwa na bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na mwulize ofisi ya hospitali ni vipindi vingapi vitalipiwa ili msishtukizwe.

Anayemhudumia avae glavu akisafisha matapishi au choo kwa siku mbili baada ya dawa ya mishipani. Mpeni mgonjwa kalamu na daftari, kwani kuna siku ambazo kusema kutamwumiza.

BAADA YA HAPO

Vidonda hupona kwa majuma kadhaa. Ladha hurudi polepole kwa miezi. Ukavu wa kinywa huweza kubaki, na wengi hujifunza kutembea na chupa ya maji. Usitake kujua kabla ya wakati kama saratani imekwisha: kwa kawaida picha hupigwa kama miezi mitatu baada ya tiba, kwa kuwa kabla ya hapo uvimbe wa mionzi hudanganya macho. Miaka miwili ya kwanza ndiyo ya kuchunguzwa kwa makini zaidi, maana saratani ikirudi, mara nyingi hurudi katika kipindi hicho. Pimwa pia tezi ya thairoidi angalau mara moja kwa mwaka. Ikipungua nguvu utahisi baridi na uchovu, na tiba yake ni kidonge kimoja kwa siku.

Msomaji, ikiwa wewe ndiwe mgonjwa, mwambie mmoja wa watu wako leo, kabla ya kuanza: "Juma la nne nitawaambia nataka kurudi nyumbani. Siku hiyo msinipeleke stendi ya basi. Nipelekeni kwa daktari." Na ikiwa wewe ndiwe mtoto wa mzee huyo, ahadi hiyo itunze.